Tutembee Venice, Mji Uliojengwa Juu ya Maji

Ndugu msomaji, uko mji mmoja huko Ulaya ambao ndani yake hapiti gari hata moja. Hakuna basi, hakuna lori, hakuna pikipiki. Hata baiskeli ni marufuku. Mama akienda sokoni, anakwenda kwa miguu. Mtoto akienda shule, anakwenda kwa miguu. Tajiri naye anatembea, na maskini anatembea vile vile. Asiyetaka kutembea hupanda chombo cha majini, basi.

Mji huo unaitwa Venice, nao uko katika nchi ya Italia. Wenyewe huuita Venezia. Leo tutautembea pamoja kama wageni. Tutaona jinsi watu wa zamani walivyojenga nyumba za mawe juu ya matope. Tutaona walivyopata maji ya kunywa mahali palipozungukwa na maji ya chumvi. Mwisho tutaona shida kubwa waliyo nayo sasa. Wenyeji wa mji huu wanahama, na wapo wanaoogopa kwamba siku moja watabaki wageni watupu.

MJI UKO WAPI?

Italia ni nchi iliyoingia baharini kama mguu uliovaa buti. Venice iko juu, kaskazini mashariki, kando ya bahari iitwayo Adriatiki. Mahali hapo pana hori kubwa, yaani maji ya bahari yaliyoingia upande wa nchi kavu na kutulia. Mbele ya hori kuna visiwa virefu vyembamba vinavyozuia mawimbi ya bahari kuu. Maji ya bahari huingia na kutoka kwa kupitia milango mitatu tu. Tuikumbuke milango hiyo mitatu, maana tutairudia huko mbele.

Katikati ya hori kuna visiwa vidogo vidogo zaidi ya 100, vimekaa karibu karibu. Kati ya kisiwa na kisiwa kuna mfereji wa maji. Mifereji yote ni zaidi ya 150. Madaraja ya kuunganisha visiwa hivyo ni zaidi ya 400. Hebu fikiri, mji mmoja wenye madaraja 400!

Kwa nini watu walikwenda kukaa mahali pa taabu namna hiyo? Sababu kubwa ilikuwa vita. Miaka zaidi ya 1,400 iliyopita, majeshi ya wavamizi yaliingia Italia mara kwa mara. Watu wa nchi kavu walikimbilia visiwani, maana askari wageni hawakuzijua njia za majini. Huko visiwani walivua samaki na kutengeneza chumvi. Baadaye wakawa wafanyabiashara hodari wa baharini. Venice ikawa dola yenye nguvu, ikajitawala bila mfalme kwa karne nyingi. Mwaka 1797 ilitekwa na Napoleon, jemadari wa Ufaransa. Mwaka 1866 ikaingia katika nchi ya Italia.

TUNASHUKA STESHENI

Zamani mtu alifika Venice kwa mashua tu. Mwaka 1846 lilifunguliwa daraja refu la reli juu ya hori. Mwaka 1933 lilifunguliwa daraja la magari kando ya lile la reli. Lakini magari yakivuka daraja hilo huishia pale pale ukingoni mwa mji. Watu wanashuka, wanaanza kutembea.

Tuseme sisi tumekuja kwa treni. Tunatoka nje ya stesheni. Lo! Mbele yetu hakuna barabara. Kuna ngazi, na baada ya ngazi ni maji. Huo ndio Mfereji Mkuu. Urefu wake ni karibu kilomita 4, nao unapita katikati ya mji ukijipinda kama nyoka.

Tusimame kidogo tutazame vyombo vinavyopita. Zile boti kubwa ni za abiria. Zina vituo na nauli, kama mabasi yetu. Ile yenye king'ora inabeba mgonjwa kwenda hospitali. Ile pale imebeba saruji na mbao. Nyingine inabeba takataka za mji. Wazima moto nao wana boti zao. Hata marehemu huzikwa kwa kupelekwa na boti, maana makaburi yako katika kisiwa cha peke yake, kiitwacho San Michele.

Mzigo ukishushwa kutoka kwenye boti, wachukuzi huusukuma kwa mkokoteni. Na madaraja karibu yote yana ngazi. Kwa hiyo mchukuzi hupandisha mkokoteni ngazi kwa ngazi, kisha huuteremsha upande wa pili. Kazi hiyo si mchezo. Ndiyo maana mgeni anaombwa ajisogeze upande wa kulia wa njia, awapishe watu wa kazi.

Sisi tunakwenda mpaka uwanja mkubwa wa San Marco. Asiyepotea hutembea kama dakika 40. Lakini wageni wengi hupotea.

KWA NINI MGENI HUPOTEA?

Njia za Venice ni vichochoro. Vingine ni vyembamba sana, ukinyosha mikono yako miwili unagusa kuta zote mbili. Vingine vinaishia majini, na hakuna daraja. Basi unarudi ulikotoka.

Namba za nyumba nazo zinamchanganya mgeni. Mji umegawanywa katika sehemu sita. Nyumba za kila sehemu zimehesabiwa kwa mfululizo, kichochoro baada ya kichochoro, mpaka sehemu yote iishe. Ndiyo sababu utakuta mlango umeandikwa namba 5,000 na kitu. Mwenyeji anafahamu. Mgeni atazunguka tu.

Dawa yake ni kusoma. Kwenye kona nyingi kuna vibao vya manjano vyenye mshale. Kibao kimoja kinasema PER RIALTO, kingine kinasema PER SAN MARCO. Neno hilo “per” hapo lina maana ya “kuelekea”. Rialto ni daraja mashuhuri, na San Marco ndiko tunakokwenda. Mtu aliyekwisha jifunza herufi atafuata vibao hivyo, ingawa hajui Kitaliano hata kidogo.

Kutoka stesheni tunashika kushoto. Baada ya muda mfupi tunavuka daraja la mawe. Karibu na hapo kuna kisiwa kidogo chenye nyumba ndefu kwenda juu kuliko nyingine. Mwaka 1516 watawala wa Venice waliwaamuru Wayahudi wote wa mji wakae hapo. Usiku milango ilifungwa, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka. Watu waliongezeka lakini mahali hapakuongezeka, kwa hiyo wakazidi kujenga kwenda juu. Mahali hapo paliitwa Ghetto. Neno hilo limeenea dunia nzima. Vijana wetu wa mjini wakisema “nakwenda geto”, maana yake chumbani kwao. Wengi hawajui kwamba neno hilo lilianza kwa watu waliofungiwa usiku. Milango ile iliondolewa mwaka 1797.

NYUMBA ZIMESIMAMA JUU YA NINI?

Tukiendelea tunaona nyumba za matofali na mawe za orofa tatu, nne na zaidi. Kuta zake zinaanzia majini. Msomaji atauliza, mbona hazizami?

Mafundi wa zamani walichukua magogo ya miti yaliyochongwa ncha. Wakayapigilia katika matope, moja karibu na jingine, mpaka udongo ukashikana ukawa mgumu. Juu ya magogo wakalaza mbao nene. Juu ya mbao wakaweka mawe meupe yasiyonyonya maji upesi. Ndipo wakaanza kujenga ukuta.

Sisi tunajua kwamba mti uliochimbiwa ardhini huoza au huliwa na mchwa. Mbona magogo ya Venice yamekaa mamia ya miaka? Jibu ni hewa. Mti huoza upesi mahali penye maji na hewa pamoja. Magogo hayo yamefunikwa na matope na maji wakati wote, na huko chini karibu hakuna hewa. Kwa hiyo yanaharibika pole pole sana.

Adui mmoja wa misingi hiyo ni boti za injini. Boti ikienda mbio huleta mawimbi, na mawimbi hupiga kuta na kumomonyoa misingi mchana kutwa. Ndiyo maana mwendo wa boti katika mifereji umewekewa kiwango.

SHAMBA LISILOLIMWA, KISIMA KISICHO NA CHEMCHEMI

Kila baada ya vichochoro kadhaa tunatokea kwenye uwanja. Hapo watoto hucheza mpira na wazee hukaa kupiga soga. Uwanja wa namna hiyo huitwa “campo”. Kwa Kitaliano, campo maana yake ni shamba. Na kweli, zamani viwanja hivyo vilikuwa na majani na miti, hata mifugo ililishwa hapo. Baadaye vikatandazwa mawe, lakini jina la shamba likabaki.

Katikati ya campo utaona kisima cha mawe. Hapa tusimame, maana kina mama wanaofuata maji mbali watapenda kusikia.

Venice imezungukwa na maji, lakini ni ya chumvi. Ukichimba chini, unapata maji ya chumvi. Basi wenyeji walitegemea mvua. Walichimba shimo pana, karibu uwanja mzima. Wakalisiriba chini na pembeni kwa udongo wa mfinyanzi, ili maji ya chumvi yasiingie na maji ya mvua yasitoroke. Katikati wakajenga kisima cha matofali. Nafasi yote iliyobaki wakaijaza mchanga. Juu wakatandaza mawe yenye mteremko mdogo, na kwenye mteremko wakaacha vitundu.

Mvua ikinyesha, maji ya mapaa na ya uwanja hukimbilia vitundu hivyo. Yakipita katika mchanga, uchafu hubaki huko. Kisha yanaingia kisimani yakiwa yamechujwa. Watu walikuja na ndoo wakateka.

Hesabu iliyofanywa mwaka 1858 ilikuta visima zaidi ya 6,000. Vingi vilikuwa ndani ya nyua za watu, na vingine vilikuwa vya umma. Visima vya umma vilikuwa na kifuniko na ufunguo. Mkubwa wa mtaa ndiye aliyeshika ufunguo. Kengele ilipigwa, kisima kikafunguliwa, watu wakateka, kikafungwa tena. Mvua ikiadimika, mashua zilileta maji ya mto kutoka nchi kavu. Maji ya bomba yalifika mwaka 1884, na baada ya hapo visima vikaachwa. Vifuniko vyake bado vipo, na sisi wageni tunapita kando yake bila kujua kwamba maelfu ya watu waliishi kwa maji hayo.

DARAJA LA RIALTO NA SOKO LA SAMAKI

Vibao vinatufikisha Rialto. Hili ni daraja la mawe lenye tao moja tu, lililojengwa kati ya mwaka 1588 na 1591 juu ya Mfereji Mkuu. Fundi aliyelisimamia aliitwa Antonio da Ponte. Kwa Kitaliano, ponte ni daraja. Yaani jina lake ni kama kusema Antonio wa Daraja! Juu ya daraja kuna safu za maduka, na watu wamesongamana kama kwenye gulio.

Ng'ambo ya daraja kuna soko la mboga na soko la samaki. Karibu na soko kuna jiwe lililoandikwa vipimo vya samaki. Ni sheria ya zamani ya kukataza kuuza samaki wachanga. Mathalan, mkunga asiuzwe kama hajafika sentimita 25. Chaza asiuzwe kama hajafika sentimita 5. Wasomaji wetu wa kando ya Ziwa Victoria wanajua jambo hili, maana sangara naye ana kipimo chake. Watu wa Venice waliandika sheria yao kwenye jiwe, mbele ya macho ya mnunuzi na muuzaji, asiwepo wa kusema hakujua.

USHANGA ULIOFIKA KWETU

Kutoka Rialto kwenda San Marco njia ina maduka pande zote mbili. Madirisha yake yanameta kwa vitu vya kioo, na hasa ushanga.

Kioo cha Venice hutengenezwa katika kisiwa cha Murano. Mwaka 1291 watawala waliamuru matanuri ya kioo yahamishiwe huko, kwa sababu mji wakati ule ulikuwa na nyumba nyingi za mbao na waliogopa moto. Wanawake wa Venice walifanya kazi ya kutunga ushanga kwenye nyuzi, wengi wakiwa wamekaa mlangoni kwa nyumba zao.

Ushanga huo ulifika mbali. Katika karne ya 19 ulishushwa Unguja, ukabebwa na wapagazi wa misafara kutoka pwani mpaka Tabora na Ujiji. Huko bara ushanga ulitumika kama fedha. Ulinunua chakula cha msafara, ulilipa ushuru wa watemi, na ulinunua pembe za ndovu. Kwa hiyo bibi zetu walivaa shingoni kazi ya wanawake wa Venice, na wala hawakujuana. Mwaka 2020 ufundi wa ushanga wa kioo uliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia wa mambo ya mila na ufundi.

TUMEFIKA SAN MARCO

Sasa kichochoro kinaisha, na mbele yetu kuna uwanja mpana. San Marco ni jina la Mtakatifu Marko, yule aliyeandika Injili. Inasimuliwa kwamba mwaka 828 wafanyabiashara wa Venice waliuiba mwili wake huko Alexandria, katika nchi ya Misri, wakauficha chini ya nyama ya nguruwe ili walinzi Waislamu wasiuguse. Kanisa kubwa tunaloliona lilianza kujengwa mwaka 1063. Wakristo wa Misri hawakusahau. Mwaka 1968 Kanisa Katoliki liliwarudishia sehemu ya masalia yale, yakapelekwa Cairo.

Kando ya kanisa kuna mnara wa kengele, urefu wake karibu mita 99. Mnara wa zamani ulianguka wote tarehe 14 Julai 1902, na kwa bahati hakuna mtu aliyekufa. Wenyeji waliamua kujenga mwingine pale pale, wa namna ile ile. Ulimalizika mwaka 1912.

Tukienda ukingoni mwa maji tunaona ng'ambo kanisa lenye kuba kubwa jeupe. Hilo linaitwa Salute, maana yake afya. Lilianza kujengwa mwaka 1631, baada ya tauni kuua karibu theluthi moja ya watu wa mji. Waliobaki walimshukuru Mungu kwa jengo hilo. Hata leo, kila tarehe 21 Novemba, wenyeji huvuka mfereji kwenda kuwasha mishumaa.

Tauni ilikuwa inakuja na meli. Mwaka 1423 Venice iliweka hospitali ya wagonjwa wa tauni katika kisiwa cha peke yake. Baadaye mabaharia na mizigo waliwekwa kando kwa siku 40 kabla ya kuingia mjini. Arobaini kwa lugha yao ni “quaranta”. Kutokana na neno hilo tumepata karantini. Wakati wa ugonjwa wa Korona mwaka 2020, vijiji vyetu vyote vililisikia neno hilo.

MAJI YANAPANDA

San Marco ni mahali pa chini kuliko sehemu nyingine za mji. Watu wa pwani wanajua bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida. Bamvua likikutana na upepo mkali wa kusini, maji ya Adriatiki husukumwa ndani ya hori. Uwanja unakuwa ziwa. King'ora kinalia, watu wanavaa mabuti ya mpira, na wafanyakazi wa mji wanapanga meza ndefu za mbao ili watu wapite juu yake.

Tarehe 4 Novemba 1966 maji yalipanda sentimita 194 juu ya kiwango chao cha kupimia. Tarehe 12 Novemba 2019 yalipanda sentimita 187. Maduka yaliharibika, na makanisa yaliingiwa na chumvi.

Sababu ziko mbili. Ya kwanza, ardhi imeshuka. Viwanda vya nchi kavu vilivuta maji mengi ya chini ya ardhi kwa pampu, na mji ukadidimia. Uvutaji huo ulikomeshwa katika miaka ya 1970, lakini ardhi iliyoshuka haikurudi. Ya pili, bahari yenyewe inapanda, kwa sababu dunia inapata joto. Ukijumlisha yote mawili, katika karne ya 20 mji ulishuka karibu sentimita 23 ukilinganisha na maji.

Sasa tuirudie ile milango mitatu. Mwaka 2003 serikali ilianza kujenga kizuizi kwenye milango hiyo. Ni vizuizi 78 vya chuma, vyenye uwazi ndani. Siku za kawaida vimejaa maji na vimelala chini baharini. Maji yakitishia, hewa inasukumwa ndani, maji yanatoka, na vizuizi vinainuka na kuziba mlango. Kazi ilichelewa sana. Fedha nyingi zililiwa, na mwaka 2014 polisi waliwakamata watu kadhaa, wakiwemo viongozi. Lakini tarehe 3 Oktoba 2020 vizuizi viliinuliwa kwa mara ya kwanza kuzuia bamvua. Siku ile San Marco ilikaa kavu.

Hata hivyo shida haijakwisha. Bahari ikizidi kupanda, itabidi milango ifungwe mara nyingi zaidi. Meli zitachelewa, na maji ya hori yatakosa kubadilishwa.

WENYEJI WANAKWENDA WAPI?

Tulipopita karibu na daraja la Rialto, kulikuwa na duka la dawa lenye namba zinazowaka dirishani. Namba hizo si bei ya dawa. Ni idadi ya watu wanaoishi Venice, iliyowekwa tangu mwaka 2008 ili kila mpita njia aione. Na kila mwaka imekuwa ikishuka.

Mwaka 1951 mji huu wa visiwani ulikuwa na watu karibu 175,000. Mwaka 2022 walishuka wakawa chini ya 50,000. Mwaka 2023 kikundi cha wananchi kilitangaza kwamba vitanda vya wageni vimezidi idadi ya wakazi.

Kwa nini wanahama? Mwenye nyumba akipangisha kwa wageni kwa siku, anapata fedha nyingi kuliko kumpangisha fundi na watoto wake kwa mwaka. Kodi inapanda. Duka la mkate linageuka duka la vinyago vya kuvaa usoni. Kijana akioa hapati nyumba, basi anahamia nchi kavu na kuja mjini kufanya kazi tu. Watoto wakipungua, shule inapungua.

Sisi tuna methali isemayo, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Wageni wa Venice wanaleta fedha, hilo ni kweli. Mwenye hoteli anapona, mwenye gondola anapona. Gondola ni ile mashua nyeusi nyembamba ya kasia moja, ambayo tangu Novemba 2023 bei yake rasmi ya mchana ni Euro 90 kwa nusu saa. Lakini yule mama anayetafuta chumba cha kupanga hakupona.

Wakuu wa mji wamejaribu kufanya jambo. Tangu Agosti 2021 meli kubwa za watalii hazipiti tena mbele ya San Marco. Mwaka 2024 walikataza vikundi vya wageni vinavyozidi watu 25, pia vipaza sauti vya waongozaji. Mwaka huo huo, kuanzia tarehe 25 Aprili, mgeni wa kutwa asiyelala mjini alitakiwa kulipa Euro 5 katika siku 29 zenye msongamano. Mwaka 2025 siku hizo zikawa 54, na aliyechelewa kulipa alitozwa Euro 10. Wako wenyeji waliosema ni vizuri. Wako pia waliofanya maandamano wakisema mji wao si bustani ya wanyama, hata watu walipe kiingilio. Wanachotaka wao ni nyumba za kukaa.

TUJADILIANE

Ndugu wasomaji, tumetembea kutoka stesheni mpaka San Marco. Tumeona magogo, visima, jiwe la vipimo vya samaki, na milango ya baharini. Kila kimoja kilifanywa na watu waliokaa hapo na kukubaliana. Kisima cha umma kilihitaji mtu wa kushika ufunguo, na majirani wa kumwamini. Nyumba ya Venice ikikosa mtu wa kuitengeneza, chumvi itaila ukuta. Mgeni aliyekuja kwa siku moja hawezi kufanya kazi hiyo.

Huku kwetu nako kuna miji inayopokea wageni wengi. Mji Mkongwe wa Unguja na mji wa Lamu ni mifano. Nyumba za zamani zinageuzwa hoteli, na vijana wanatafuta vyumba mbali. Vijiji vilivyo karibu na mbuga za wanyama navyo vinawaona wageni kila siku.

Tunaomba vikundi vya kisomo vijadili maswali haya matatu. Wageni wakija kwetu, nani anapona na nani anaumia? Ni kazi gani za pamoja katika kijiji chetu ambazo zingesimama kama vijana wote wangehama? Je, tunaweza kutega maji ya mvua kwa mchanga na udongo wa mfinyanzi, kama walivyofanya watu wa Venice? Msomeeni na jirani ambaye hajui kusoma, naye atoe maoni yake.